Ukingo Tuliousafisha

Uvira, Mulongwe, tarehe 16 mwezi wa tisa 2001

Papa mpenzi,

Jambo nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa Koko Célestine, mama yako. Sisi tuna afya, isipokuwa magoti ya Koko, ambayo yeye mwenyewe anasema hayaumwi, yanalalamika tu. Wewe je? Kile kikohozi kimekuacha? Huko kambini mnashiba? Barua hii nampa Mama Pélagie wa mafuta ya mawese. Atavuka kwenda Kigoma juma hili kama ziwa halitafungwa.

Papa, nina habari njema. Wageni wa mradi mmoja wa maendeleo watakuja kutembelea avenue yetu, mtaa mzima. Walimtumia Papa Basile, shefu wa avenue, ujumbe kwamba wanatafuta mahali pa kusaidia kando ya mto Mulongwe. Mwalimu wa Kifaransa amenichagua mimi kusoma hotuba ya kuwakaribisha na kuwatafsiria wazee. Katika darasa zima la tano la sekondari, mimi!

Papa Basile aliitisha salongo, watu wote tufanye usafi pamoja. Alisema, "Bageni basikute haya yetu inje." Jumamosi tulikata matete yote ya ukingo, kuanzia darajani mpaka mbele ya nyumba yetu, tukang'oa na mizizi ili yasirudi upesi. Mimi niliongoza wasichana wa shule. Tuling'oa pia mboga za Mama Keza, yule jirani aliyekimbia vita kutoka uwanda wa Ruzizi. Alikuwa amepanda lengalenga katikati ya matete, bila mistari, kama nywele ambazo hazijachanwa. Alisimama akatutazama, kisha akasema, "Florentine, na weye unakulaka hizi lengalenga." Nikamjibu, "Mama, ni kwa ajili ya wageni tu. Wakienda utapanda tena."

Koko alikasirika kwa sababu nyingine. "Sasa banamuke bataogea wapi? Basile, utatuogesha mu saloni yako?" Watu walicheka, hata Papa Basile mwenyewe.

Lakini ukingo sasa unang'aa, Papa. Ukisimama mlangoni kwetu unaona mto wote, maji na mawe, kama picha ya kitabu cha jiografia. Ninailinda nyumba kama ulivyoniagiza. Tangu uende kule Baraka kutengeneza ule mtumbwi, vita ikafunga barabara nyuma yako nawe ukavuka ziwa kukimbilia Kigoma, huu ni mwaka wa tatu. Unarudi lini?

Mtoto wako,
Florentine


Kambini, Kigoma, tarehe 14 mwezi wa kumi 2001

Mwanangu Florentine,

Amani ya Bwana ikae nanyi wawili katika nyumba hiyo. Kikohozi kimepungua. Mwambie mama yangu magoti ayapake mafuta ya mawese ya moto, na asiende ziwani asubuhi na mapema.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza peke yangu. Mara ya pili niliwasomea jirani zangu wa hema, na mmoja akasema, "Thaddée, huyo atakuwa waziri." Nilijifanya sikusikia ili aseme tena.

Mmefanya vizuri kusafisha. Mgeni hukumbuka alichokiona kwanza. Kuna jambo moja: kile kibanda cheusi cha Koko cha kukaushia samaki wa ndagala kwa moshi, kibomoeni kabla hawajafika. Mwambie ni mimi niliyesema. Mtu akitoka mbali kutuletea maendeleo, asitukute tukitoa machozi ya moshi kama watu wa zamani.

Kuhusu kurudi, uwe na subira. Mtu aliyekaa ng'ambo muda wote huu harudi mikono ikining'inia. Watu wa kwetu watauliza, "Ameleta nini?" Acha kwanza nipate kitu, hata kama ni mabati ya barza tu. Halafu nitakuja.

Soma hotuba polepole. Usitazame chini.

Papa yako,
Thaddée


Uvira, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2001

Papa mpenzi,

Nakusalimu, na Koko anakusalimu. Uzima upo. Natumaini nawe uko mzima, na kwamba hema lako halivuji, kwa sababu huku mvua imeanza.

Wageni walikuja. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, ingawa mkono wangu hautaki.

Walikuwa wawili, mwanaume mmoja na mama mmoja mwenye buti za mpira. Nilisoma hotuba bila kutazama chini. Walipiga makofi. Kisha yule mama akaomba kuona ukingo, nasi tukampeleka kwa furaha, Papa Basile mbele akiwa amevaa koti. Mama yule alifika, akasimama, akatazama upande wa juu na upande wa chini. Akaniuliza kwa Kifaransa, "Matete yako wapi?"

Nikamtafsiria Papa Basile. Yeye akasema, "Mwambie tulisafisha." Nikamwambia.

Yule mama akasema kwamba mwaka jana walipita darajani wakaona mahali ambapo watu walikuwa wameuacha mto na nguo zake, na katikati yake wamelima mboga na kutega samaki. Akasema sehemu nyingine za mji mto unakula nyumba kila mwaka, lakini hapa haukuwa ukila. Ndicho walichokuja kukitazama. Walitaka tuwafundishe watu wa avenue nyingine, na mradi ungelipia kazi hiyo. Akauliza, "Mlisafisha kwa ajili ya nani?"

Nikatafsiri. Papa Basile akafungua kifungo cha koti, akakifunga. "Mwambie, kwa ajili yenu."

Na hilo nalo nililitafsiri, Papa, kwa Kifaransa kizuri, bila kosa hata moja.

Hawakutukemea. Walikunywa fanta, wakashukuru, wakasema wataandika. Mama Keza alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Mimi sikuweza kumtazama. Tangu siku ile nikienda kuchota maji nasubiri kwanza aondoke.

Kibanda cha Koko tulikibomoa kama ulivyoagiza. Anaanika ndagala mchangani, na mvua inawalowesha kabla hawajakauka. Wanaoza. Asubuhi anaokota wazima wachache, wengine anawatupa. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Mtoto wako,
Florentine


Kambini, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2002

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama yangu. Nimeamka salama, namshukuru Mungu. Je, nanyi mliimaliza Noeli vizuri? Mlikula nini?

Sijapata barua nyingine tangu ile ya wageni. Labda ni mitumbwi, labda ni mitihani. Kuhusu habari ya wageni, usijitese. Mtoto huenda anapotumwa na wakubwa. Na mimi ni mmoja wa waliokutuma.

Sasa sikiliza. Kuna mwenye mtumbwi atakayeondoka Kigoma mwezi ujao, na ananijua, kwa sababu niliwahi kumzibia tundu la mtumbwi wake. Amesema atanipa nafasi. Mabati sijapata, lakini nimechoka kuhesabiwa kila juma. Nijibu upesi kama njia ni tulivu, na kama nyumba iko tayari kunipokea.

Papa yako,
Thaddée


Uvira, tarehe 3 mwezi wa pili 2002

Papa,

Salamu. Tuna afya.

Usije kwanza. Njia si tulivu sana. Mimi niko na mitihani, na Koko amechoka. Nyumba ipo.

Nitaandika tena.

Florentine


Kambini, tarehe 17 mwezi wa tatu 2002

Mwanangu Florentine,

Safari hii naanza na salamu kutoka kwa Mama Pélagie, maana ndiye aliyekaa mbele ya hema langu akanywa chai yangu, akaniambia, "Thaddée, hawakukuandikia? Mto ulipandisha mwezi wa kumi na mbili. Ulikula ukingo wote hapo kwenu. Nyumba ya yule mama wa Ruzizi ilienda nzima. Yako ilienda nusu, saloni na barza." Alipoona uso wangu akaanza kusifu chai.

Mwanangu, nyumba ni udongo, na udongo niliukanyaga mwenyewe, naweza kuukanyaga tena. Lililonichoma ni kwamba ulikaa na jambo hilo peke yako, ukaniandikia "nyumba ipo."

Lakini nikikugombeza nitakuwa mwongo. Uliponiandikia nisije, nilipumua. Nilijisemea: afadhali, sasa sitalazimika kuwaonyesha mikono mitupu. Nililala vizuri usiku ule, na asubuhi nikasikia haya kwa ajili ya usingizi wenyewe. Unaona? Wewe ulinificha nyumba, mimi niliwaficha mikono. Na wote tuliuficha ukingo.

Nikueleze kuhusu hapa. Ungekuja na kitabu chako cha shule, ungesema tumeendelea. Maji yanatoka bombani. Kuna kliniki, kuna vyoo vya simenti, kuna watu wanaowapima watoto uzito na kuandika. Uvira hatukuwa na vitu hivyo, na sivikatai; watoto wamepona. Lakini mimi ni fundi wa mitumbwi nisiyeruhusiwa kukata mti wala kulima shamba. Siku moja nilikata kwa siri, mbali na kambi. Mama mmoja mwenyeji akanikuta na shoka. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Baba, msitu huu ndiyo ghala yetu. Mkiumaliza, sisi tutakimbilia wapi?" Nikamwachia shoka, nikarudi kambini kupokea unga wangu. Mahali ambapo mtu anashiba bila kuwa na kazi kwa jirani yake, na jirani anakosa kuni kwa sababu yake, hapo bado sijui paitweje, maendeleo au kitu kingine. Mwulize mwalimu wako.

Niandikie yote. Usinipunguzie.

Papa yako,
Thaddée


Uvira, tarehe 28 mwezi wa nne 2002

Papa yangu,

Nilipoisoma barua yako nilitoka nje, ili Koko asinione. Nisamehe kwa ile barua fupi. Sisi wote ni wazima, na tumekuwa wengi, kama utakavyosikia. Wewe endelea kujifunika vizuri.

Mto ulikuja mchana, baada ya mvua ya milimani. Haukupita juu ya ukingo, ulipita chini yake. Udongo ulikuwa unamegeka kama bugali, kipande kwa kipande, na watu wamesimama wakitazama. Nyumba ya Mama Keza iliinama kwanza, kama mtu anayetafuta kitu chini. Tulitoa watoto, sufuria na godoro moja. Kisha ukaingia kwetu. Koko alikaa kitandani akakataa kutoka, akisema mto haujamwomba ruhusa. Mama Keza ndiye aliyembeba mgongoni, Papa. Yule yule ambaye nilimng'olea mboga.

Sasa anakaa na sisi, yeye na watoto wake wawili, katika chumba kilichobaki na kile cha nyuma ambacho tumefunika kwa bashi ya plastiki. Siku za kwanza nilikuwa namwamkia nikitazama ukuta. Siku moja akaniambia, "Weye Florentine, ukuta haujibu. Ongea na miye." Nikaanza kulia, nikamwambia nilisikia haya kwa ajili ya mboga zake mbele ya wageni. Akasema, "Nilijua. Mulitusikilia haya siye, mukasahau kuogopa mayi." Kisha akanipa kitunguu nikimenye, ili kama nalia nilie kwa kazi.

Swali lako nilimpelekea mwalimu wa uchumi. Alikuwa ametuandikia ubaoni kwamba nchi inaendelea pale pato la kila mtu linapopanda. Nilinyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, mto ukibomoa nyumba kumi, watu wakanunua matofali na misumari wakazijenga upya, pato limepanda?" Akafikiri. "Ndiyo, limepanda." Nikauliza, "Na kama matete yangebaki na hakuna nyumba iliyoanguka?" Akasema, "Basi hakuna kilichonunuliwa. Halikupanda." Darasa likacheka. Nikauliza tena, "Sasa ni avenue gani imeendelea?" Akaweka chaki chini. "Florentine, utanipotezea kazi." Lakini baada ya somo aliniita, akasema kitabu alichosomea hakikuwa na mto.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Mimi nadhani tulikuwa na maendeleo na hatukuyajua kwa sababu yalikuwa na matope. Palikuwa na udongo uliotulia, samaki wadogo kwenye matete, mboga bila kwenda sokoni, na mahali pa wanawake kuoga wakipeana habari. Mama aliyekimbia vita alipata hapo pa kulima bila kumwomba mtu. Vyote hivyo vilikaa mahali pamoja, na sisi tulipaita uchafu. Sisemi tusitake kliniki. Naitaka sana. Nasema tusilipie kliniki kwa ukingo.

Wageni hawajaandika. Kwa hiyo Papa Basile aliitisha mkutano. Alitaka tuombe ukuta wa simenti wenye kibao cha majina. Koko akamwuliza, "Ukuta utazaa ndagala? Ama utazaa jina yako tu?" Wakabishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho Mama Keza akasimama. Alisema ndugu zake wa uwanda wana matete mengi, na yeye atawaomba mashina ya kupanda, kabla mvua haijaisha. Lakini alitaka neno moja kwanza: shefu aseme mbele ya watu wote kwamba pale alipolima ni pake, na kwamba hakuna salongo itakayopagusa tena, hata akija waziri. Papa Basile alisema kwa sauti ya chini. Watu wakapiga kelele, "Hatusikii!" Akasema tena. Koko akadai yuko kiziwi. Ikabidi aseme mara ya tatu, na jasho linamtoka.

Tumepanda, Papa. Mimi niliomba kupanda mbele ya Mama Keza, kwa mikono ile ile. Mengine yamechipua, mengine yamekufa. Kibanda cha Koko nimekijenga upya na wasichana wa darasa. Kimesimama vibaya, kinatoa moshi upande usiotakiwa, lakini ndagala wanakauka.

Nyumba ni nusu. Njoo. Usilete mabati, usilete kitu. Ukisubiri mpaka uwe na cha kutuonyesha, utakuwa umefanya kama sisi tulivyofanya kwa wageni.

Mtoto wako,
Florentine


Kigoma, tarehe 6 mwezi wa kumi 2002

Mwanangu,

Salamu za haraka, naandikia gotini, hapa ufukweni. Barua yako ilizunguka kambi mbili kabla ya kunipata; nimeipokea mwezi uliopita. Nimeikunja, nimeifungua, nimeikunja tena, mpaka imekatika katikati.

Ninakuja. Nimewaaga watu wa hema. Nina nguo nilizovaa na randa yangu, basi. Mama Pélagie ameujaza mtumbwi kwa mapipa, hana nafasi ya mtu, kwa hiyo anabeba barua hii tu. Mimi nitapanda mtumbwi utakaofuata, juma lijalo. Usimwambie mama yangu siku, asije akashinda bandarini na magoti yake.

Kama watu watauliza nimeleta nini, nitawajibu mwenyewe. Nimeshafanya mazoezi.

Papa yako,
Thaddée


Uvira, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2002

Papa,

Barua yako imefika. Wewe hujafika.

Nakusalimu popote ulipo. Naomba uwe mzima, naomba uwe umekula. Sisi tu wazima. Mwezi uliopita vita iliingia mjini, tukakimbilia Kilibula na sufuria vichwani, Koko mgongoni kwa Mama Keza tena, akilalamika kwamba anatikiswa. Tumerudi. Tangu hapo ziwa limefungwa. Nikitoka shuleni nateremka bandarini Kalundu na kuuliza. Mmoja anasema mitumbwi ya Kigoma ilirudishwa. Mwingine anasema imejificha rasini Ubwari mpaka kutulie. Mama Pélagie anasema wenye mitumbwi wanajua kusubiri, na kwamba nisisikilize watu wasio na mtumbwi. Mimi namsikiliza yeye.

Koko nilimwambia. Nilijaribu kukutii, lakini sitaki tena kuficha kitu katika nyumba hii, na vyumba vyenyewe ni viwili tu. Aliuliza tu kama umekonda.

Mvua kubwa ya kwanza imepita. Pale tulipopanda, ukingo ulishika, isipokuwa kipande cha karibu na daraja, ambacho kimeondoka. Hapo tutapanda upya Jumamosi. Papa Basile anakuja bila koti.

Barua hii sijui nimpe nani. Nitampa yeyote atakayethubutu kuvuka, na kama mtapishana majini, basi utayajua haya kwa kuyaona. Lakini kama itakufikia kabla, shika jambo hili moja. Ukifika giza limeingia, usipite njia ya kando ya mto uliyoizoea. Upande ule hakuna mlango tena, na udongo bado ni laini. Zunguka nyuma, upitie bustani mpya ya Mama Keza. Atakuuliza kwa ukali ni nani anayekanyaga mboga zake. Mjibu jina lako tu. Nimekwisha kumweleza kwamba utakuja bila kitu, naye amesema, "Akuje. Na siye tulifikaka hivyo."

Mtoto wako,
Florentine